LAPTOPU NYEPESI AU YENYE NGUVU? TUPIME KAZI KABLA YA KUTOA PESA



Siku hizi si ofisi kubwa peke yake zinazonunua kompyuta. Katibu wa chama anaihitaji kwa hesabu za mikopo, mwalimu anaitaka kwa mitihani, kijana wa chuo kwa masomo, na mpiga picha wa harusi kwa video zake. Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: "Tununue ile nyembamba ya kubeba, ama ile nzito yenye nguvu?"

Kuuliza si ujinga. Mtu wa mshahara mnono akikosea, mwezi ujao atanunua ingine. Lakini mzazi aliyeuza ndama, au kikundi kilichochanga shilingi 50 kila wiki kwa mwaka mzima, hana nafasi ya pili. Pesa zikishatoka zimetoka. Tumeona msichana aliyesomea uchoraji wa majengo akinunuliwa laptopu nyepesi ya kupendeza, halafu kila kazi ya chuo ikawa ni kwenda kulipia kompyuta ya watu usiku, kwa sababu yake ilishindwa kufungua michoro. Tumeona pia kikundi cha akina mama kilichouziwa mashine kubwa ya kutengenezea sinema, na kazi yao ilikuwa ni kuandika majina na akiba. Sola yao ilikuwa inaisha kabla ya saa nane mchana.

Katika makala hii tutaeleza tofauti ya laptopu hizi mbili, na namna ya kujua ni gani inakufaa wewe.

KWA NINI MOJA ISIWE NA YOTE MAWILI?

Wengi hufikiri ya kwamba ile nyembamba ni ya kisasa na ile nzito ni ya zamani. Sivyo. Sababu kubwa ni joto.

Ndani ya kila kompyuta kuna prosesa, nayo ndiyo hufanya hesabu zote. Prosesa ikifanya kazi hula stima, na karibu stima yote hiyo hugeuka kuwa joto. Kazi ikiwa nyingi, joto huwa jingi. Joto hilo lazima litoke nje, kwa hivyo ndani ya laptopu huwekwa vyuma vya shaba vya kulibeba na feni ya kulipuliza. Feni kubwa na shaba nyingi zinataka nafasi, na zina uzito. Tena prosesa yenye kula stima nyingi inataka betri kubwa na chaja kubwa. Hapo ndipo kilo zinapoongezeka.

Prosesa nyingi za Intel za laptopu nyepesi zimepimwa kwa wati 15 za kazi ya kawaida. Zile za laptopu zenye nguvu zimepimwa kwa wati 45, tena kadi ya picha ya pembeni, ikiwapo, huongeza zake. Ni kama jiko dogo la makaa na jiko la kupikia watu wa sherehe. Yote mawili hupika, lakini huwezi kuivisha pilau ya watu 200 kwa lile dogo.

Sasa laptopu nyepesi ikipewa kazi nzito hufanya nini? Haiungui. Inaanza kwa kasi nzuri, halafu baada ya dakika kadhaa inajipunguza mwendo yenyewe ili ipoe. Ndiyo sababu dukani inaonekana ina mbio, na nyumbani, kwa kazi ya saa mbili, inakokota miguu.

Ni vizuri pia kusema ya kwamba mambo yamebadilika sana. Mwaka wa 1981 kompyuta ya Osborne 1 ilipouzwa kama kompyuta ya kubeba, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 11. Mwaka wa 2008 Steve Jobs wa kampuni ya Apple alitoa MacBook Air ndani ya bahasha ya ofisi mbele ya watu, ikiwa na kilo 1.36. Mwishoni mwa 2020 ikaja MacBook Air yenye prosesa ya M1, ya kilo 1.29, isiyo na feni hata moja, na nguvu yake iliwashangaza wengi. Kwa hivyo tusidharau nyepesi. Lakini hata hiyo, kwa sababu haina feni, kazi nzito ikiendelea kwa muda mrefu nayo hupunguza mwendo.

UZITO: NI NANI ATABEBA, NA WAPI?

Tuchukue mfano wa laptopu za ofisi zilizotoka karibu wakati mmoja, mwaka wa 2018, ambazo sasa hupatikana katika maduka ya laptopu za ex-UK, yaani zile zilizotumika ng'ambo kisha zikaletwa huku.

HP EliteBook 840 G5 ina kioo cha inchi 14 na uzito wa karibu kilo moja na nusu. Lenovo ThinkPad P52, ambayo ni ya kazi nzito, ina kioo cha inchi 15.6 na uzito wa karibu kilo 2.45. Chaja yake ya wati 170 ni kama tofali dogo. Ukiiweka yote kwenye mkoba unakaribia kilo 3.

Pakiti ya unga wa ugali unayoijua ni kilo 2. Basi mwanafunzi mwenye P52 ni kama amebeba pakiti moja ya unga na nusu nyingine, kila siku, pamoja na vitabu vyake, kwenye matatu iliyojaa. Kama anaishi bweni hatua chache kutoka darasani, hiyo si shida. Kama anatembea kilomita 4 kwenda barabarani, ataanza kuiacha nyumbani. Na laptopu inayoachwa nyumbani, hata iwe na nguvu ya trakta, haimsaidii mwanafunzi darasani.

Afisa wa nyanjani anayezunguka vijijini kwa bodaboda pia afikirie hili. Mashine nzito ikianguka huanguka kwa nguvu zaidi, na kioo kikubwa ni rahisi kupasuka kikibanwa kwenye mkoba.

STIMA NA SOLA: FANYA HESABU

Hapa ndipo watu wengi wa mashambani wanasahau, na ndipo tofauti ni kubwa zaidi.

Laptopu nyepesi ikiandika barua au kufanya hesabu hula wati 8 hadi 10 hivi. Betri yake ya watisaa 50, ikiwa bado nzima, itakupa kama saa 5 au 6. Ile yenye nguvu, ikitengeneza video, yaweza kula wati 80 au 100. Hata ikiwa na betri kubwa ya watisaa 90, utapata saa moja tu hivi, halafu unatafuta soketi. Ikiandika barua peke yake itakaa zaidi, lakini kwa kawaida bado hula zaidi ya nyepesi.

Kama una stima ya gridi, gharama si ya kukutisha. Wati 10 kwa saa 8 ni watisaa 80, yaani haifiki hata sehemu ya kumi ya uniti moja. Wati 100 kwa saa 8 ni watisaa 800, yaani uniti moja kasoro kidogo. Tatizo ni stima ikipotea. Mwenye nyepesi anaendelea na kazi mpaka jioni. Mwenye nzito ana saa moja tu ya kuokoa kazi yake.

Kwa mwenye sola tuangalie hivi. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampia 100 ina watisaa 1,200. Betri za asidi hazifai kumalizwa kabisa, kwa hivyo tumia nusu: watisaa 600. Inveta nayo hupoteza kiasi, tuseme umebaki na 500. Laptopu ya wati 10 itatumia hiyo kwa kama saa 50. Laptopu ya wati 100 itaimaliza kwa saa 5, na taa za nyumba hazijawashwa. Tena inveta ndogo ya wati 150 haiwezi kubeba chaja ya wati 170 ikifanya kazi kwa nguvu zote.

Waswahili husema, ukipenda boga penda na ua lake. Ukitaka nguvu, ukubali pia chaja yake, joto lake, kelele za feni na njaa yake ya stima.

KAZI GANI INAHITAJI NGUVU?

Kazi nyingi ambazo sisi hufanya hazihitaji nguvu nyingi. Kuandika kwa Word, hesabu za Excel, QuickBooks, barua pepe, mikutano ya Zoom, kutafuta habari kwenye intaneti, kuweka kumbukumbu za wanachama, hata takwimu za kawaida za SPSS: zote zafanywa vizuri na laptopu nyepesi yenye RAM ya GB 8, na kwa raha zaidi GB 16. Mwanafunzi wa ualimu, uuguzi, biashara, sheria au kazi za jamii hana haja ya kubeba tofali.

Kazi zinazohitaji nguvu ni hizi:

1. Kutengeneza video ndefu, hasa za 4K, kwa programu kama Adobe Premiere au DaVinci Resolve.

2. Michoro ya majengo ya pande tatu kwa Revit au ArchiCAD, na zaidi ya hapo kuipamba kwa Lumion, ambayo hudai kadi ya picha ya pembeni.

3. Ramani kubwa na picha za setilaiti kwa ArcGIS Pro.

4. Michezo mikubwa ya kompyuta. Hapa mzazi uwe macho, maana kijana anaweza kukuambia ati ni ya masomo.

Kuna kazi za katikati. Kupanga picha kwa Photoshop, michoro ya AutoCAD ya pande mbili, kujifunza kuandika programu: hizi zinataka RAM ya GB 16 zaidi ya kitu kingine, na laptopu ya uzito wa kati yazimudu.

Jambo moja zaidi. Revit na ArcGIS Pro ni programu za Windows. Mtu akinunua MacBook kwa sababu ni nyepesi na ina nguvu, kisha chuo kidai Revit, atakuwa amejifunga mwenyewe. Mzazi, kabla ya kununua, mwambie mtoto alete barua au orodha ya idara inayosema ni programu gani zitatumika mpaka mwaka wa mwisho, si mwaka wa kwanza peke yake.

USIDANGANYIKE NA MAJINA

Muuzaji atakwambia, "Hii ni i7, hiyo ni i5," halafu anyamaze kama amemaliza hoja. Hajamaliza.

Tazama nambari yote. Prosesa ya i7-7500U ni ya kizazi cha 7, na ina viini 2, yaani ni kama wafanyakazi wawili ndani. Ya i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na ina viini 4. Hapo i5 inaishinda i7 kwa kazi nyingi! Nayo i7-8750H ina viini 6. Tarakimu ya kwanza baada ya mstari ndiyo kizazi, na kuanzia kizazi cha 10 ni tarakimu 2 za kwanza. Herufi ya mwisho U maana yake ni ya kula stima kidogo. H maana yake ni ya nguvu. Mwishoni mwa 2023 Intel ilianza majina mapya ya Core Ultra, lakini herufi za U na H bado zipo.

Kizazi kina maana nyingine kubwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 kwa Intel inataka, kwa kawaida, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hivyo laptopu kama EliteBook 840 G3 ya mwaka wa 2016, yenye prosesa ya kizazi cha 6, haimo katika orodha ya Microsoft hata ikiwa bado inang'aa. Mafundi wengine huingiza Windows 11 kwa njia ya panya, na inawaka, lakini huna hakika ya marekebisho ya usalama siku za mbele. Kikundi kinachoweka hesabu za watu kisikubali hilo.

Pia uliza kuhusu RAM. Katika laptopu nyingi nyembamba, kama zile za ThinkPad X1 Carbon, RAM imechomelewa kwenye ubao. Ukinunua ya GB 8 utazeeka na GB 8. Katika EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 kuna nafasi 2 za RAM, na fundi anaweza kuongeza siku pesa zikipatikana. T480 tena ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nje, hivi kwamba unaweza kubadilisha ile ya nje bila kuizima.

Mwisho, hakikisha ina SSD, si ile diski ya zamani ya kuzunguka. Watu wengi wanaolia ya kwamba kompyuta yao haina nguvu, shida yao ni diski. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA husoma kama MB 500. Kama tayari una kompyuta inayokokota, jaribu kuibadilishia diski kabla ya kufikiria kununua ingine.

DUKANI: USIONE HAYA

Mnunuzi mwenye haya huuziwa shida za mwenziwe. Iwe ni Luthuli Avenue kule Nairobi au duka la mji wenu, fanya hivi:

1. Ibebe. Iweke kwenye mkoba pamoja na chaja yake, utembee nayo hatua kadhaa.

2. Soma chaja imeandikwa wati ngapi. Uliza kama inakubali chaja ya USB-C ya kawaida. Nyepesi nyingi za tangu 2018 zinakubali, na chaja ikipotea ni rahisi kupata ingine. Nyingi za nguvu zina chaja yake maalum.

3. Pima betri. Katika Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Utapata ripoti inayoonyesha betri ilitengenezwa na uwezo gani na sasa imebaki na uwezo gani. Ikiwa imebaki nusu, saa zile 6 ni 3.

4. Iache icheze video kwa dakika 20. Iguse chini, sikiliza feni. Ikiwa moto wa kuunguza paja, feni imejaa vumbi au imechoka.

5. Izime na uiwashe. Ikidai nenosiri la kampuni ya ng'ambo kabla ya Windows kuanza, iache hapo hapo.

6. Jaribu kila kitufe, kila tundu, kamera na spika. Halafu dai risiti yenye nambari ya mashine na muda wa dhamana. Dhamana ya mdomo haisomeki.

BASI TUCHAGUE NINI?

Anayetembea nayo kila siku na kazi yake ni maandishi na hesabu, achukue nyepesi. Pesa inayobaki aongeze RAM na anunue diski ya nje ya kuhifadhi nakala za kazi.

Mwanafunzi wa ujenzi, ramani au filamu achukue yenye nguvu, na familia ikubali uzito wake. Kumnunulia nyepesi ili kuokoa kidogo ni kumfanya alipe mara mbili.

Asiye na hakika, au kikundi ambacho mashine moja itatumiwa na watu wengi, achukue njia ya katikati: ya inchi 14, kilo moja na nusu hivi, kizazi cha 8 au zaidi, yenye nafasi ya kuongeza RAM. Haina sifa za kutangaza, lakini spea zake zipo na mafundi wanaijua.

Na ikiwa kompyuta haitatoka ofisini hata siku moja, tujiulize kwa nini ni laptopu. Kompyuta ya mezani kwa bei ile ile huwa na nguvu zaidi, hupoa vizuri, na kifaa kimoja kikiharibika hubadilishwa peke yake. Ila haina betri, kwa hivyo mahali stima inapotea ovyo nunua na kifaa cha kushikilia stima kwa dakika chache.

Kwa vikundi tuna ombi moja. Msimtume mtu mmoja na pesa zote akaamue mwenyewe kaunta. Kaeni kwanza, mwandike kwenye karatasi: kazi ni gani, nani atabeba, stima inatoka wapi, na itahitaji kudumu miaka mingapi. Katibu aandike jambo hilo kwenye kumbukumbu za mkutano, na watu wawili waende dukani na karatasi hiyo mkononi. Mashine isiyojibu maswali hayo manne, hata muuzaji aipambe namna gani, mrudi nyumbani na pesa zenu.